Mwisho Niliofungia Mandazi

Mimi michezo siipendi, na anayetaka kunieleza utamu wake aanze kwa kunieleza faida yake. Hapa ninapokaangia mandazi, kando ya steji ya boda mjini Kakamega, kutwa nasikia wanaume wenye ndevu zao na watoto wao wakisema "sisi," na kumbe wanazungumzia vijana wa Ulaya ambao hawajui kama Kakamega iko duniani. "Sisi tumefungwa, Jescah." Nani amekufunga wewe, Ochieng? Jana yote ulikuwa hapa ukila mandazi yangu. "Sisi lazima tuuze yule beki." Uza kwanza hiyo pikipiki inayotemea unga wangu moshi! Ochieng ndiye kinara wao. Timu yake ikishindwa hali chochote hadi jioni, mtu mzima, na abiria anawabeba amenuna utadhani amefiwa.

Lakini hao wa mpira nawaonea tu huruma. Wa ng'ombe ndio siwezi kuwavumilia.

Kwetu ni upande wa Shinyalu, ukielekea msitu wa Isecheno, na huko Jumamosi asubuhi watu hupiganisha mafahali. Wanatoka na ngoma za isukuti na filimbi na matawi, wanakimbia matopeni nyuma ya ng'ombe wakiimba sifa zake. Ng'ombe wawili wanasukumana kwa pembe, mmoja anageuka na kutoroka, na hapo basi, mchezo umekwisha. Ng'ombe mwenyewe hajui ameshinda nini. Anayejua ni mwenye ng'ombe, atakayetembea kifua mbele wiki nzima kama kwamba ni yeye aliyesukuma.

Baba yangu, Cleophas, alikuwa na fahali aitwaye Inspekta. Inspekta alilala pakavu kuliko sisi. Alipewa molasi, alipewa pombe ya busaa, alisuguliwa mgongo kila asubuhi, na mgeni akiingia bomani bila kumwangalia Inspekta kwanza, Baba alikasirika. Mama alipokuwa hai alikuwa akisema heri angeolewa na Inspekta, angeshiba.

Mimi nilikuwa na kuku. Mama aliniachia kabla hajafa, akaniambia hawa watakupeleka chuo cha Sigalagala ukasomee upishi, usimwachie mtu mwingine. Nikawatunza hao kuku kama mboni ya jicho. Niliwajengea banda mwenyewe, nikawazidisha mpaka ua ukajaa, nikawaona wakiatamia huku nafasi ya chuo nimeshapewa. Mayai nilikuwa nayaweka kwenye beseni chini ya kitanda. Kilichobaki ni siku ya soko tu.

Kabla ya hiyo siku ya soko, ikatangazwa Inspekta atapambana na fahali wa Khayega aitwaye Buldoza. Nilitumwa kwa shangazi, nikalala huko. Niliporudi asubuhi nilikuta wapiga isukuti wamejaa sebuleni wamelala hoi, na mifupa ya ingokho, yaani kuku, imetapakaa hadi mlangoni. Kuku wangu wote wamechinjiwa wapiga ngoma. Nikakimbilia chini ya kitanda, beseni hakuna. Beseni lilikuwa zizini, na Baba anamvunjia Inspekta yai la mwisho mdomoni, polepole, anamwambia meza, baba, meza.

Inspekta alisukumana na Buldoza kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai. Akageuka. Akapita katikati ya shamba la watu la mihogo, mkia juu, ameshiba mayai yangu. Waswahili husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi ni mimi.

Jioni hiyo nilimwambia Baba mbele ya watu: sitakanyaga boma hili tena mpaka useme kwa kinywa chako kwamba mayai yalikuwa yangu. Baba akatema mate pembeni. Akasema mzazi haombi mtoto msamaha, na kuku wanazaliwa kila siku. Nikafunga nguo zangu kwenye leso nikaja mjini, nikajifunza kukaanga mandazi bila chuo. Inspekta alizeeka, akauzwa, akaliwa. Mimi na Baba tukabaki pale pale tumeshikana pembe, hakuna wa kugeuka.

Ndiyo maana ndugu yangu Protus alipokuja mwaka huu kuniambia mzee anaumwa, sikuacha hata kukanda unga. Protus ni kitinda mimba wetu, ndiye aliyebaki nyumbani, na kila Jumamosi hupita kwangu kununua mandazi. Nilidhani ni mlafi.

"Dada, mzee anaisha," akaniambia. "Ni ini. Hospitali wamesema hakuna kitu ingine watafanya."

"Pole yake."

"Anakuulizanga."

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama mvua inakunyeshea huko sokoni."

"Mwambie nina mwavuli."

"Dada, kuja umwone. Siku moja tu. Akienda hivi hivi, utabaki na hiyo kitu kwa roho."

"Yeye ndiye ana neno moja la kusema. Alilete hapa."

"Hawezi tembea!"

"Basi amtume Inspekta."

Protus akachukua mandazi yake akaenda, mabega chini. Msinitazame hivyo. Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea, na aliyekula kuku na mayai na chuo je?

Sasa niwaeleze habari ya vile vitabu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, mandazi nayafungia karatasi, na karatasi naletewa na Wanzala, ambaye huuza kwa kilo. Mara ataniletea mitihani ya watoto, mara magazeti, mara ratiba za ibada za kanisa fulani. Wiki hiyo alileta vitabu saba vinene vya katuni. Alisema ni vya Mjapani aliyekuwa Isecheno akichunguza nyani. Alipomaliza nyani wake akarudi kwao, akaviacha. Nikapima kwa mkono, karatasi ni nzuri, haivuji mafuta haraka. Nikachukua kilichokuwa juu, nikafungua jalada la mbele kama mtu mwenye akili timamu, nikaanza kuchana. Siku hiyo na kesho yake nusu ya mji ilikula mandazi yaliyofungwa kwa Wajapani.

Kisha ikanyesha ile mvua yetu ya alasiri, wateja wakakimbia, na mimi sina la kufanya. Nikavuta kitabu kingine nikafungua jalada. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi makubwa ya Kiingereza, maana vitabu vyenyewe vimetafsiriwa: Simama! Unasoma kutoka mwisho. Geuza kitabu uanzie upande wa pili. Ebo! Nikacheka peke yangu. Watu gani hawa wanaotia mkia mahali pa kichwa? Nikageuza, nikatafuta kitabu cha kwanza, nikaanza kusoma nipate tu cha kuwasimulia watu wa steji.

Na kilikuwa kitabu cha mchezo, Mungu wangu! Besiboli. Mchezo wa kipumbavu kuliko yote niliyowahi kusikia. Mmoja anatupa mpira, mwingine ana rungu, akiupiga anakimbia. Anakimbia wapi? Anazunguka vituo vitatu halafu anarudi pale pale aliposimama mwanzo, panapoitwa nyumbani. Akifika nyumbani kabla ya mpira, wanampa alama. Mtu anashangiliwa kwa kurudi alikotoka! Mbuzi wangu hufanya hivyo kila jioni, na hakuna anayempigia makofi.

Vijana huviita vitabu hivyo manga. Ndani yake mna kijana mnene aitwaye Goro, mwanafunzi wa shule moja ndogo ya milimani. Hawezi kukimbia, anaweza kudaka tu. Mama yake anakaanga vitu kama mandazi, anauza alfajiri, na Goro humsaidia kabla ya shule kisha anachelewa mazoezi huku nguo zinanuka mafuta, wenzake wanamcheka. Hapo nikasimama kidogo. Harufu hiyo naijua. Naingia nayo kanisani kila Jumapili.

Basi nikaendelea kusoma ili nijue kama wale wajinga wataacha kumcheka. Hawakuacha kitabu kizima. Nikachukua cha pili. Mambo yenyewe ni ya kuudhi: mpira unatupwa ukurasa huu, unafika kurasa thelathini mbele, na huko katikati kila aliye uwanjani ameshakumbuka utoto wake, ugomvi na babake, na viatu alivyonyimwa. Mpira uko hewani, mtu analia! Lakini mpira wa Ochieng hauna hayo. Ochieng ataniambia nani alifunga na dakika ya ngapi, kelele tupu. Hawa Wajapani walinionyesha aliyeshindwa anapokwenda baada ya watu kutoka uwanjani, anavyokaa nyuma ya choo cha shule hataki kuonekana. Sijawahi kumwona mtu akiulizia aliyeshindwa.

Niliunguza mandazi, karai zima. Ochieng akasogea na meno yote nje.

"Jescah! Wewe? Unasoma mpira?"

"Nasoma mtu. Mpira uko hapo kwa bahati mbaya."

"Si nilikuambia utaingia boksi siku moja, upende mpira!"

"Ingia wewe ufungiwe humo. Huo mpira hata sasa nautema. Toka kwa unga wangu."

Nikafika kitabu cha saba, cha mwisho. Mechi ya mwisho, zamu ya mwisho. Goro amesimama kituo cha tatu, miguu mizito, na amebakiza kufika nyumbani tu. Mwenzake anapiga. Goro anakimbia. Mpira unaokotwa, unatupwa nyumbani, na Goro anakimbia, mama yake ameacha duka wazi na yuko pale kwenye ua wa waya wa uwanja ameshika kijiko cha kukaangia, na mimi nimesimama kibandani kwangu na kijiko changu. Nikafunua.

Hakuna. Uzi na mabaki ya karatasi zilizochanika.

Kilikuwa ndicho kile kitabu cha juu. Nilichochana nikidhani ni mwanzo kilikuwa mwisho. Niliuuzia mji mzima mwisho wa hadithi, umefungiwa mandazi.

Nilikasirika hata nikakosa wa kumtukana. Nikaanza kuulizia, mimi Jescah, nikipita kwa wanaume wa steji kuomba karatasi chafu. Askari wa kaunti alikuwa ametupa yake. Ochieng alikiri amepangusia mnyororo wa pikipiki, akanionyesha kitambaa cheusi, sura ya mtu huioni. Akaniuliza ni nini kilichokuwa humo cha maana. Nikamwambia kulikuwa na mtu mwenye akili, ndiyo maana hukumtambua.

Jumamosi Protus akaja. Sikungoja salamu.

"Ile Jumamosi iliyopita nilikufungia mandazi kwa karatasi za picha. Ziko wapi?"

"Za wale watu wa macho madogo? Ziko nyumbani. Mzee amezibandika kwa ukuta."

"Mzee amezipata wapi?"

Protus akaangalia pikipiki za watu.

"Protus, nimekuuliza."

"Hayo mandazi mimi sikulangi, dada. Yeye ndiye anakulanga. Tangu zamani. Sasa hata hali kitu ingine, anachovya tu kwa chai. Na karatasi zote anatunza, hata zile za mitihani. Ati zimetoka kwa mkono yako."

Nilichosikia kwanza ni hasira, nisiwadanganye. Nimemlishia ng'ombe wake mayai, na kumbe mwenyewe namlisha mandazi, miaka yote hii, na hakuna aliyeniuliza! Halafu nikasikia kitu kingine chini ya hasira, kikaniuma zaidi, nikamfokea Protus asimame kando ya moto asije akaungua.

Nikazima jiko. Ochieng akaniuliza naenda wapi mchana peupe na unga umeumuka. Nikamwambia naenda Shinyalu kufuata mali yangu, aniwashie pikipiki na asifungue mdomo njiani. Sikwenda kumwona Baba, mjue hivyo. Nilikwenda kuona kama Goro alifika.

Boma lilikuwa limepungua. Zizi la Inspekta limeota majani, na nyumba ni ile ile ya udongo. Pale mlangoni nikasimama kidogo, maana nilikuwa nimeapa mbele ya watu. Nikajiambia anayefuata mali yake hahesabiwi mgeni wala mwenyeji. Nikaingia.

Baba alikuwa kitandani kando ya ukuta. Mtu aliyekuwa akishika fahali kwa kamba alikuwa ameisha, mikono imebaki mifupa, macho ya njano. Na ukuta wote ubavuni pake ulikuwa umejaa karatasi zangu, zimebandikwa kwa uji wa unga kama watu wa zamani walivyokuwa wakibandika magazeti. Alizipanga kama tunavyosoma sisi, kushoto kwenda kulia. Kwa mpango wa Baba, Goro alianzia mavumbini karibu na nyumbani, akawa anakimbia kinyumenyume kwenda mbali.

"Mama," akasema. Nimepewa jina la mamake, ndiyo maana huniita hivyo. "Umekuja."

"Nimekuja kuchukua karatasi zangu."

"Ni zako. Chukua." Akapumua. "Lakini niambie kwanza. Huyu mnene, hawa watu wanamfukuzia nini? Ameiba?"

"Nani amekuambia ameiba?"

"Nimemwangalia kila siku. Anakimbia na watu wote wanapiga kelele. Nikasema huyu ameiba kitu ya wenyewe."

Mimi, Jescah, nisiyetaka kusikia habari ya mchezo kwa yeyote, nikavuta kigoda nikaanza kumfundisha mzee anayekufa besiboli. Nikamwonyesha aanzie kulia. Nikamwambia hajaiba, na hao hawamfukuzi, wengine wanamwita. Anatakiwa arudi nyumbani kabla ya ule mpira. Huyo mwanamke mwenye kijiko ni mama yake. Baba akafuata kidole changu karatasi kwa karatasi, akaguna pale Goro alipoteleza. Alielewa haraka kuliko Ochieng angeelewa, na ilinikera kwamba nilifurahi.

Tukafika karatasi ya mwisho. Goro amejitupa chini, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kile kibao cheupe cha nyumbani, mpira umeingia kwenye glovu ya mdakaji, na vumbi limefunika kila kitu. Huoni kama mkono umegusa.

"Alifika?" Baba akauliza.

Nikaangalia kushoto, kulia, chini. Karatasi nyingine hakuna. Ndipo nikakumbuka kitabu huchapwa pande mbili. Jibu lilikuwa mgongoni mwa karatasi hiyo hiyo, upande uliopakwa uji na kushikwa na ukuta. Nikaingiza ukucha kwenye pembe, nikavuta taratibu. Ikatoka na udongo. Nikavuta tena, ikaanza kupasuka kumwelekea Goro. Nikaacha.

"Imeshika," nikasema. "Mwisho uko upande wa ukuta."

Nikamwona Baba anatafuta pumzi, nikadhani anataka maji.

"Nimekuharibia tena," akasema. "Mayai yalikuwa yako, Mama. Kuku walikuwa wako. Na hii nayo ilikuwa yako."

Nilikuwa nimejipangia miaka mingi neno la kumjibu siku hiyo. Lilikuwa neno refu, lenye Inspekta ndani, na Sigalagala, na mifupa mlangoni. Nililitafuta pale kwenye kigoda nisilipate hata herufi yake. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa aproni inayonuka mafuta.

"Sasa hatutajua," Baba akasema, macho kwa Goro. "Hatutajua kama alifika."

"Alifika."

"Umejuaje? Haionekani."

"Humu ndani nani anaujua huu mchezo, mimi au wewe?" nikamwambia. "Alifika, Baba. Sogea nikae."